Frigo ya Papa Severina

Masisi, Ijumaa, 1954. Mvua na ukungu tangu asubuhi, hata mlima wa ng'ambo hauonekani.

Leo nimetapika. Sina namna nzuri zaidi ya kuanza. Nilifungua frigo kutazama nyama ya wageni, harufu ikanipiga usoni, nikakimbilia nje kwenye mvua na kutapika kando ya maharage yangu. Nyama ilikuwa ya kijani pembeni na inateleza kama sabuni. Damu ilikuwa imechuruzika mpaka kwenye kitambaa nilichotandika chini, na juu ya kitambaa, ambacho nilikidarizi mwenyewe, funza walikuwa wanatembea.

Kichefuchefu hakijaniisha hadi sasa ninapoandika.

Frigo hii ni ya petroli. Mume wangu, Papa Severina, aliinunua kwa mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyekuwa anarudi kwao. Imezeeka, na mlango haufungiki mpaka usukumwe kwa goti. Chini ina tangi la mafuta na utambi, na moto wa utambi huo ndio unaoleta baridi juu, jambo ambalo mimi niliyesoma kwa masista sijalielewa bado. Inatakiwa kugandisha maji yawe mawe. Tangu ifike hapa haijagandisha hata machozi yangu.

Na yote haya ni kwa ajili ya Jumatatu. Jumatatu komisyo ya serikali inakuja. Wazungu watapita nyumbani kuangalia kama tunaishi kistaarabu, na wakiridhika, Papa Severina, ambaye ni karani, atapewa karte, cheti cha Mwafrika aliyestaarabika. Kwa karani mwenzake walifungua kabati, wakatazama uma na visu, wakaingia chooni, halafu wakainua shuka za kitanda. Mkewe alinisimulia huku anatazama chini. Nikifikiria mkono wa mtu nisiyemjua ukifunua kitanda changu, nasikia kinyaa kilekile cha nyama.

Lakini naitaka ile karte.

Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Binti yetu Severina alipopata homa kali, tulinyeshewa kwenye mlango wa nyuma wa dispensari, naye anatetemeka mgongoni kwangu, huku wenye karte wanapita mbele na watoto wao wenye mafua tu. Sijasahau. Ndiyo maana niliposikia kwamba komisyo inapenda kuona frigo, na kwamba maji ya ndimu yenye barafu yanawafurahisha, sikubishana na mume wangu. Nyama ya kuwapikia nilikwenda kuichukua mwenyewe sokoni Sake, mapema wiki hii.

Basi nimehangaika na mashine hii kama mtu anayeuguza mtoto. Nilianza na sakafu. Nyumba yetu iko kwenye mteremko, nikaweka sahani ya maji juu ya frigo, maji yakakimbilia upande mmoja. Nikaingiza vipande vya mbao chini ya miguu mpaka maji yakatulia. Haikusaidia. Nikaisogeza mbali na ukuta ipate hewa nyuma. Nikapanguza bomba la moshi kwa manyoya ya kuku yaliyofungwa kwenye kijiti, masizi yakanijaa puani. Jioni frigo inapata ubaridi, natabasamu. Asubuhi moto unawaka vizuri, lakini ndani ni joto, na maji ya kikombe ni maji.

Tangi peke yake sikuligusa. Papa Severina alikataza. Alisema wanawake watachoma nyumba.

Leo, baada ya kutapika, nimelivuta hilo tangi bila kumuuliza mtu. Nililala kifudifudi kwenye sakafu inayonuka damu na kulitoa. Kuzunguka utambi, kwenye vile vitundu vya hewa, kulikuwa na majivu. Siyo masizi. Majivu meupe, laini, ya kuni. Na jikoni yetu iko nje, ng'ambo ya ua.

Nikajua mara moja.

Mama mkwe wangu yuko kwetu tangu mavuno, kabla frigo haijanunuliwa. Alitoka Mweso na mzigo wa maharage mgongoni. Analala karibu na salon, sebule yetu ilipo frigo, ndiye wa mwisho kulala na wa kwanza kuamka. Nilimkuta jikoni anawasha kiko chake. Nilikuwa na hasira, na nakiri kwamba kwa dakika ile nilitamani angebaki kwao. Nilimuuliza kama anaweka majivu kwenye moto wa frigo.

Hakuficha wala hakushtuka.

"Moto haiachwake wazi usiku, binti yangu. Naifunika na majivu, njo nyumba isiungue. Asubuhi natosha majivu, naiwasha tena na kijinga. Hamukuwa munajua?"

Ameufukia moto wa frigo kama anavyoufukia moto wa mafiga tangu alipokuwa msichana. Hakuna aliyemwambia kwamba moto huu haulali. Alidhani tumesahau, akatusaidia, wala hakutaka kutuaibisha kwa kutaja usahaulifu wetu. Hasira yangu ikaniacha pale pale. Tulizika nyama pamoja nyuma ya migomba, yeye akichimba, mimi nikiziba pua.

Kisha nikaosha tangi, nikakata utambi vizuri, nikawasha. Moto ukawa wa bluu, safi.

Papa Severina alirudi saa ya chakula nikamweleza. Alicheka kwa furaha kwamba mashine haijafa. Halafu akaacha kucheka, akatazama kwenye pazia la chumba cha mama yake.

"Mama arudie kwanza Mweso na camion ya kesho. Wazungu bakimukuta hapa anakaa chini na kiko, karte imekwisha."

Nikamwambia kwamba mama hakujua, na sasa anajua. Akajibu kwamba siyo majivu tu. Kumbe alikuwa na neno hilo moyoni kabla ya nyama kuoza, majivu yamempa sababu. Mtu huyu alisomeshwa kwa maharage ya mama yake. Nilimtazama kola yake nyeupe, ambayo naipiga pasi mimi, na nikachukizwa naye kuliko nilivyochukizwa na wale funza. Alirudi ofisini bila kula.

Pazia ni kitambaa tu, mama alisikia yote. Nilipoingia, alikuwa tayari anafunga mzigo wake, polepole. Aliniuliza swali moja.

"Maharage niache, ao nibebe?"

Nilitoka nikasimama tena pale nilipotapika asubuhi.

Sasa ni jioni. Nimefungua frigo, na juu ya maji ya kikombe kuna ngozi nyembamba ya barafu. Ni nzuri, siwezi kusema uongo. Nimeivunja kwa kidole na kumpelekea mama kipande. Ameweka mdomoni, amekunja uso, ameitema kiganjani na kuitazama ikiyeyuka. Tumecheka sana, wote wawili. Chumba bado kinanuka nyama mbovu, ingawa Papa Severina aliporudi alisema hasikii kitu.

Nimefungua mzigo wa mama na kurudisha nguo zake kwenye kamba. Maharage nimeyaloweka ya kesho. Jumatatu atakaa kwenye kiti kilicho karibu na mlango, na kiko chake, nao wakitaka kuinua shuka, wainue. Mume wangu hajui bado. Nitamwambia asubuhi kabla lori hilo halijapita, na najua itakuwa vita. Namwona pia Severina mgongoni kwangu kwenye ule mlango wa nyuma, na moyo unaniuma.

Mama amepita sasa hivi na kigae cha majivu mkononi. Amesimama mbele ya frigo, ameniuliza kama afukie moto ao auache.

Nimemwambia afukie. Jumatatu wageni watakunywa maji ya ndimu yasiyo na barafu.