Kiko Ulichoacha Bila Kuwasha

Mpwa wangu Muriuki,

Nakuandikia kwa sababu simu yako inaniambia mteja hapatikani, na huyo mwanamke wa simu nimechoka kubishana naye. Kama unasoma hii mahali, jua kwamba Jumamosi unazikwa. Mama yako ameamua. Mto ulikuchukua wewe na pikipiki. Pikipiki ukaitema kule chini, lakini wewe mto ukakataa nawe. Tumetembea kingo zote mpaka watu wakaanza kurudi nyumbani mmoja mmoja. Sasa dada yangu anasema hawezi kuzika sanduku tupu. Anataka ndani kuwe na kitu ulichotengeneza kwa mikono yako, na kitu chenyewe ni kiko chako cha gunzi la mahindi. Hicho kiko nilikuwa nacho mimi, na sikutaka kukitoa.

Unakumbuka ulivyokuja hapa Kitengela ukiniambia, "Anko, kuvuta fegi kunanimaliza. Nifunze kutengeneza kiko kama chako." Nikakwambia umefika kwa mwenyewe. Nikakupa ile hadithi ya Kimana, nikiwa askari wa kulinda vitunguu, vile ndovu alikuja nikampulizia moshi usoni, akapiga chafya, vitunguu vyote alivyoiba vikarudi kwa gunia.

"Anko, mwaka jana ulisema huyo ndovu alikimbia tu. Leo amekuwa na adabu ya kujaza gunia?"

"Kuna ndovu na ndovu," nikakwambia.

Lakini kwa kazi ya kiko sikukudanganya. Gunzi nilikuchagulia mimi, lile nene lililokaukia shambani, si haya ya mahindi ya kuchoma ambayo ni laini kama mkate. Ukaliweka juu ya jiko, likala moshi msimu mzima. Ulikuwa unanipigia, "Anko, bado?" na mimi nakwambia bado, kwa sababu gunzi bichi ukiliwasha linakupa mvuke wa uji. Lilipokuwa gumu hata ukucha hauingii, ukaja nalo hapa, ukalikata, ukachimba roho yake na kisu pole pole, ukaacha sakafu nene huko chini ndio moto usitoboe. Tundu ukalichoma na spoku ya baiskeli iliyolala kwenye makaa. Mrija ukakata tete. Kikatoka sawa mara ya kwanza. Nilikwambia kimepinda kidogo, maana sikutaka uvimbe kichwa.

Ikabaki moto wa kwanza. Tumbaku usijaze, nilikwambia, isifike hata nusu. Chini ilegee, juu uibonyeze kidogo na kidole. Vuta kama mtu anayeonja chai ya moto, kwa sababu ukivuta kwa pupa gunzi linaungua na ulimi unachubuka. Huo moto wa kwanza unapaka masizi ndani, na masizi ndiyo ukuta wa kiko. Tena awashe mwenyewe, kwa sababu gunzi hushika pumzi ya mtu wa kwanza. Hiyo ya pumzi nilitunga hapo hapo, lakini uliikubali. Ukasema utarudi Jumapili ukiwashe tukiwa wawili, ukakiacha kwa kabati yangu ya vikombe. Mvua haikungoja Jumapili.

Siku za kwanza jirani yangu, Mzee Lemayian, alikuwa ananiuliza kila asubuhi, "Muriuki amepatikana?" Siku hizi anauliza, "Yule kijana, bado?" Nikamwambia, "Huyo kijana ana jina." Akageuka akaangalia ng'ombe zake. Unajua wazee wa Kimaasai hawataji jina la mtu aliyekufa. Nilimtukana, mzee wa watu, na yeye akanivumilia, na huko kuvumiliwa ndiko kulikonivunja.

Juzi mama yako akatoka Kajiado, akasimama mlangoni.

"Lete."

"Dada, mwenyewe alisema atarudi kukiwasha."

"Leo usinipe hadithi."

"Sio hadithi."

"Basi niangalie uniambie mtoto wangu yuko hai."

Na mimi, Muriuki, ambaye nimewahi kumnyamazisha chifu kwa baraza yake mwenyewe, nikaangalia chini.

Akaketi. Nikampa kiko, akakigeuza mkononi, akachungulia ndani. "Kinawashwaje?" Mama yako huyo, wa kunifukuza nivutie nje na kuku.

"Ya nini sasa?"

"Siwezi kumzikia kitu kipya. Ataona kama tulikuwa na haraka."

Nikamwekea tumbaku isiyofika nusu. Nikawasha kiberiti, akanishika kifundo cha mkono, akausogeza moto mwenyewe. Akavuta, akakohoa, machozi yakatoka, na sikujua ni ya moshi ama ni yale mengine. "Pole pole, dada." Akavuta mpaka ikabaki majivu. Akakifunga kwa kitambaa, akakitia kwa mkoba kando ya Biblia, akaenda.

Jumamosi nimepewa nafasi ya kusema, kama mjomba. Watu wanajua nitawachekesha. Tangu juzi najaribu kutunga kitu, na kila ninapoanza, katikati wewe unatokea ukitembea, viatu vina matope, unaniuliza nani amekufa. Siwezi kukutoa humo. Kwa hivyo nitasimama, niseme nilikuwa anko wako, niketi.

Ni mimi,
ndugu ya mama yako,
Kitengela