Nang si Mthai

Jumanne, Al Mankhool

Leo hotelini sikunyamaza. Bibi mmoja, mgeni kutoka Thailand, alikuwa analia pale mapokezi, na Nang, dobi mwenzangu aliyeitwa kutafsiri, hakumwelewa. Meneja akamfokea: "Wewe si Mthai? Khalas, basi, rudi kufua!"

Nikasema, "Sir, Nang ni Mshan wa Myanmar. Lugha yake na ya bibi ni ndugu tu, kama Kiswahili changu na Kiganda. Mpe muda."

Nang akamwashiria bibi aseme polepole. Akadaka neno moja, "ya". Kwao wote wawili ni dawa. Bibi alikuwa amesahau dawa zake za moyo kwenye teksi. Tukampigia dereva, tukazipata.

Bado naogopa meneja ataniwekea kinyongo. Lakini jioni alinivuta pembeni: "Na yule Mlao wa jikoni, naye ana lugha yake?"

"Anayo, sir. Muulize mwenyewe."