Siku Mama Aliponipa Nyumba

Kibiti, Jumamosi ya masika.

Wingu limeshuka hadi kwenye minazi tangu alfajiri na halikunyesha mpaka lilipoona vitu vyetu viko nje. Joto la leo halina adabu. Nimeoga, nikakauka, nikanata tena.

Leo nimekuwa mwenye nyumba.

Nimeiandika sentensi hiyo na kuitazama. Mwanamke aliyetumia nusu ya umri wake kupigania mabinti warithi angepaswa kuiandika kwa herufi kubwa. Nimegombana na masheikh, na mahakimu, na wanaume wa kila aina wanaodhani binti ni mpangaji kwa wazazi wake mpaka aolewe. Wengi mnaosoma hapa tulijuana kwenye ugomvi huo. Sasa nimepewa nyumba nzima, vyumba vyote, ua, kisima na mkorosho wa nyuma, na ninajisikia kama mtu aliyefungiwa mlango kwa nje.

Nyumba ni ya mama. Si ya marehemu baba wala ya ukoo. Baba alikuwa na mke mwingine kijijini Mkongo, na hapa alikuja kama mtu anayepita. Mama alisuka mikeka ya ukindu, akauza kwa wasafiri barabarani, akanunua matofali kidogo kidogo, akainua kuta. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuuliza mali ni ya nani. Swali lilikuwa moja tu: siku akifumba macho, itakwenda kwa nani?

Warithi tuko wawili. Mimi, na mdogo wangu Shabani, ambaye yuko Nyamisati kwenye biashara ya boriti za mikoko. Halafu yupo Mama Mdogo Mwanahawa, mdogo wake mama, mjane asiye na mtoto, ambaye amekaa chumba cha uani tangu mimi nasoma shule ya msingi. Kwa mirathi ya dini, maadamu marehemu ameacha mtoto wa kiume, dada yake hapati kitu. Shabani angepata mafungu mawili, mimi fungu moja, Mama Mdogo angepata pole. Kisha nyumba ingeuzwa, maana fungu halilaliwi.

Nilikuja kutoka Dar mama alipovunjika nyonga. Nilisema nakuja kwa muda. Masika haya yakiisha nilikusudia kurudi, na kabla ya kurudi nilitaka jambo la nyumba liishe. Nimeona ndugu wakitoleana macho kwenye hitma ya arobaini na pilau haijashuka kooni. Kwa hiyo mazungumzo nimeyaanzisha mwenyewe, kwa kidomodomo changu. Hakuna aliyenituma.

Nilisoma kwanza. Mimi hata nikienda kununua nyanya nasoma kwanza.

Nilianza na sheria ya serikali. Nilimpigia rafiki yangu wakili, nikataka tuandike wasia wa kawaida, nusu kwa nusu, mwanamume na mwanamke sawa. Akaniambia hakimu atatazama marehemu aliishi vipi. Nikakata tamaa hapohapo. Mama aliswali hata akiwa kitanda cha hospitali na nyonga imevunjika, akiashiria kwa macho. Nani atasimama mahakamani aseme mtu huyu hakuishi Kiislamu?

Basi tukamwita sheikh wa mtaa wetu. Ni kijana kuliko mimi, na nilikuwa nimemwandalia vita. Akaniharibia kwa kukubaliana nami karibu kila neno. Wasia upo, alisema, lakini hauzidi theluthi, na haumhusu mrithi mpaka warithi wenzake waridhie, na kuridhia kwenyewe kunahesabiwa baada ya mauti.

"Kwa hiyo mpaka nife ndipo nijue Shabani karidhia?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"Nitajulia wapi sasa?"

Nikasema basi hiyo theluthi tumwandikie Mama Mdogo, yeye si mrithi, anaruhusiwa. Mama Mdogo alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua hata kichwa. "Theluthi ya nyumba hii ndiyo ipi, Somoe? Choo na nusu ya jiko?"

Ikabaki wakfu. Wakfu ndiyo niliyoitaka tangu mwanzo. Nyumba isimamishwe, isiuzwe, isirithiwe, kila wa ukoo aitumie, mimi na Shabani tuwe wasimamizi. Niliitetea nikiwa nimesimama, kama niko kongamanoni. Nilitaja haki, nilitaja vizazi vijavyo. Sikutaja kwamba ingeniacha niende zangu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Bati likivuja nani atapanda?"

"Wasimamizi, mama."

"Msimamizi mmoja yupo Nyamisati, mwingine anasema anarudi Dar. Watapanda kwa simu?"

Sheikh akageuza uso akajifanya anakohoa. Kisha akataja hiba, yaani kumpa mtu mali yako ungali hai, ikatoka kwako ikawa yake. Mama hakufikiri hata kidogo. Anampa Somoe. Yote.

Nilisema hilo si haki kwa Shabani. Nililisema kwa sauti kubwa, na nilimpigia mwenyewe aje. Nikiri: nilimtegemea. Nilijua atakuja amevimba, atasema nyumba ya mama haiwezi kwenda kwa mwanamke peke yake, nami nitampiga kwa hoja mpaka achoke, halafu nitalegeza kwa heshima, tutarudi kwenye wakfu.

Alifika jana kwa bodaboda, amelowa matope, anacheka.

"Dada, chukua. Chukua na radhi zangu juu."

"Wewe una mafungu mawili, unajua?"

"Mafungu mawili ya nini? Ya wagonjwa?"

Hapo ndipo alipogusa penyewe. Kila ndugu wa kule delta, upande wa Nyamisati, anayekuja hospitali Kibiti analala hapa. Anayesubiri basi analala hapa. Mwenye kesi analala hapa na shahidi wake. Akifa mtu wa ukoo mjini, matanga yanakaa hapa. Mama hajawahi kumrudisha mtu mlangoni, na hajawahi kumwuliza mtu anaondoka lini. Atakayepewa kuta amepewa na watu. "Mie nikirithi nyumba hii," Shabani akasema, huku anamchambua samaki wangu, "mke wangu ataondoka siku ya pili. Nitabaki na binamu zako."

Maisha yangu yote nimeandika kwamba wanaume hung'ang'ania nyumba kwa tamaa. Huyu hapa mwanamume ameiachia kwa mikono miwili, na mdomo umejaa wali.

Hakuna aliyenipinga. Hata mmoja.

Asubuhi ya leo tukakabidhiana. Sheikh alikuwa ametueleza kwamba hiba ya nyumba haitimii kwa maneno. Mama lazima atoke, na kila kilicho chake kitoke, anikabidhi ufunguo mbele ya mashahidi, nami nipokee. Baada ya hapo, kurudi kwake ndani kuwe kwa idhini yangu. Kikibaki ndani kitu chake, kwa mtazamo wa sheikh, mama hajatoa.

Shabani alitoa vitu kwa bidii ambayo sijamwona nayo tangu azaliwe. Kitanda cha mama, kabati la vyombo, masanduku, madumu, mikeka isiyouzwa. Vyote akavipanga uwanjani mbele ya nyumba. Katikati yake tukamweka mama kwenye kiti, na fimbo yake.

Tulisahau jambo moja ambalo mtoto mdogo wa hapa angetukumbusha. Kwetu, vitu vya ndani vikitoka nje asubuhi, maana yake sebule inatandikwa mikeka, na mikeka maana yake msiba. Bi Tatu, jirani yetu, alitokea amejifunga kanga kiunoni na kilio amekianzia barabarani. Nyuma yake wanawake wengine, mmoja amebeba lile sufuria kubwa la matangani kichwani.

"Jamani, nani katutoka?"

"Mie," mama akajibu kutoka kitini. "Lakini bado."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Bi Tatu ndiye aliyekasirika. "Na machozi yangu nayapeleka wapi sasa?"

"Yaweke. Hayaozi."

Walipoelezwa wakanigeukia kwa vigelegele. Hongera Somoe, binti kapewa, mwandishi wetu kapata alichokuwa anakililia. Hakuna aliyeondoka. Walikaa barazani wakingoja chai, na Mama Mdogo akanijia kuniuliza, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, aweke majani kiasi gani.

Mjumbe wa mtaa akafika, akasimama shahidi pamoja na Shabani. Mama akainuka, akaegemea fimbo. Akasema nyumba hii nimekupa, Somoe. Akanyoosha mkono wenye ufunguo. Sheikh akanitazama nami nikamtazama yeye.

Nilijaribu mara ya mwisho. Niliuliza kama mama anaweza kuweka sharti, kwamba nisiiuze, kwamba nikae humuhumu. Nilitamani aseme ndiyo. Ningepata cha kukataa.

"Hiba haifungwi na masharti ya namna hiyo," sheikh akasema. "Ikishakuwa yako, ni yako. Hata kesho unaweza kuiuza."

"Umesikia?" mama akasema. "Hata kesho."

Hakutania, na wala hakukasirika. Alisema kama mtu anayenionyesha njia ya kwenda sokoni.

Angenifunga kwa sharti ningelivunja. Kuvunja masharti ndiyo kazi ninayoijua. Mama aliniacha huru mbele ya mtaa mzima, mkono mmoja umeshika fimbo na mwingine umeninyooshea ufunguo, na hapo nikajua sitoki.

Tone la kwanza likaanguka kwenye godoro.

"Nimepokea," nikasema.

Sijamaliza neno, Shabani ana kabati mgongoni. Watu wote wakawa wanakimbia na vitu, vikombe vya chai mkono mmoja na madumu mkono mwingine. Mama peke yake alibaki uwanjani, amesimama, mvua inamwingia kwenye ushungi.

"Ingia bibi, utalowa!" wakampigia kelele.

"Sijakaribishwa," akasema. "Nitaingiaje kwa mtu?"

Wakacheka tena. Mimi nilikuwa mlangoni na ufunguo mkononi. Nikasema karibu, mama. Karibu ndani. Akaja polepole kwa fimbo yake, akapita pembeni yangu, na hakwenda kwenye kiti chake. Akakaa kile cha karibu na mlango ambacho huwa tunawapa wageni. Akaniomba maji ya kunywa. Aliniita kama mwenye nyumba: "Naomba maji, mwenyewe."

Najua alikuwa anacheza. Nilimletea maji na sikuweza kumtazama.

Mvua ilipopungua ikasikika hodi. Binamu yetu Mwajuma kutoka Nyamisati, na mkwe wake ambaye mimba imefika mwisho na miguu imemvimba. Daktari amesema asikae mbali na hospitali. Tangu nina akili, hodi ya nyumba hii huitikiwa na mama kabla mgeni hajamaliza. Leo alinyamaza. Mama Mdogo akaokota vikombe. Shabani akaangalia dari. Binti yule alikuwa anapumua kwa shida pale mlangoni, anahamisha uzito kutoka mguu huu kwenda ule.

Karibuni, nikasema.

"Tunalala wapi, shangazi?" Mwajuma akamwuliza mama.

"Muulize mwenyewe."

Nimewapa chumba changu, kwa sababu ndicho kisichovuja. Naandika hapa sebuleni mkekani, watu wanapita juu ya miguu yangu wakienda kutawadha. Nimejaribu kutafuta nimkasirikie nani. Dini imenipa. Mwanamume ameniachia. Mama amenipenda kuliko ninavyostahili, akanichagua mbele ya watu. Nimeandika miaka mingi kwamba wanawake tunanyimwa, na kila neno bado naliamini na nitagombana na yeyote. Kinachokuja baada ya kupewa sijawahi kukiandika. Nilidhani baada ya hapo ni uhuru tu, hauhitaji mwandishi.

Je, mama alipewa watu hawa na nani alipokuwa na umri wangu? Aliwahi kutaka kwenda mahali? Nimeishi naye muda wote huu, namsomea magazeti, namkanda nyonga, na sijawahi kumwuliza.

Kabla ya magharibi nimempigia mama mmoja wa Tabata, Dar, ambaye amenishikia chumba changu muda wote huu, vitabu vyangu ndani na kitanda kimefunikwa shuka. Nimemwambia ampe mtu mwingine, vitabu nitavifuata.

Akauliza kwani nimepata pengine.

Nikamwambia nimepewa nyumba. Kibiti. Yangu.

Hakuna aliyefurahi leo kama yule mama wa Tabata. Alinipigia kigelegele kwenye simu, kirefu, sebule nzima ikasikia. Mama akanigeukia kutoka kwenye kiti chake cha mlangoni, akauliza ni nani huyo anayeshangilia hivyo.

"Dar, mama," nikasema. "Wananiaga."