Kamera ya Bwana Yordani

Jumamosi, 5 Julai 1997

Munira kachaguliwa! Binti yangu, wa darasa la pili! Bwana mmoja, Yordani, katoka kampuni ya vipaji Dar. Anatafuta watoto wa kutangaza sabuni kwenye televisheni. Kampiga picha nyingi hapa hapa uani Kwamndolwa, fulashi inamulika mpaka kuku wanatawanyika. Mwenyewe ni Mzigua mwenzetu, mzaliwa wa Handeni, kanisalimia kwa Kizigua bila kujikwaa. Nikamchinjia jogoo.

Jumatatu, 7 Julai

Anataka kuondoka na Munira Ijumaa. Peke yake. Mimi nitafuata baadaye, eti mambo yakishakaa sawa. Nikauliza mtoto atalala wapi. Kwa dada mmoja wa kampuni, akasema. Dada gani? Swali likanigandia mdomoni. Mtu ameshakula jogoo wako, utamhojije kama mwizi? Baba Munira angeuliza, lakini yuko na lori huko Kigoma, kumpata ni kazi.

Munira yuko mbele ya kioo. Anacheka, anaacha, anacheka tena.

Jumatano, 9 Julai

Nimepata dawa — jirani yangu Bernadina. Mnyamwezi, baba yake alikuja kukata mkonge, mtani wetu. Mimi na adabu zangu siwezi kitu, ila mtani haulizwi adabu. Siku tunamzika baba yangu alijilaza kaburini akagoma kutoka mpaka tumpe chochote, watu wakacheka huku wanalia. Nimemweleza yote. Kasema kama huyo ni Mzigua kweli, watajuana tu.

Ijumaa, 11 Julai

Alhamdulillah, Munira amelala hapa pembeni yangu.

Yordani alikuja asubuhi, kamera shingoni. Begi la mtoto tayari liko mlangoni. Bernadina akaingia bila hodi. Akamwambia, wewe Mzigua, babu yangu alimbeba babu yako mgongoni toka Tabora, na nauli hamjalipa mpaka leo. Akamvua kamera. Nachukua hii, akasema, tumalizane.

Mzigua yeyote angecheka. Angemjibu kwamba babu yake ndiye aliyembeba huyo Mnyamwezi, tena akiwa mlevi. Hata Munira anajua hivyo! Huyu bwana alikunja uso. Akamwita mwanamke mshenzi, akasema anakwenda polisi. Polisi, kwa mtani! Hapo nikajua. Huyu si wetu. Salamu alijifunza njiani.

Bernadina naye akaanza kuichokonoa kamera nyuma. Yordani akapiga kelele, usifungue, utaunguza filamu!

Akafungua. Hamna kitu. Tupu kabisa. Zile fulashi zote, kuku wangu wote wale kukimbia, hakuna hata picha moja.

Tulipoinua macho alishafika barabarani. Kamera kaiacha. Tumeipeleka kwa mjumbe wa nyumba kumi, naye kapeleka habari polisi, na wenzao wa Segera na Mkata, njia ya Dar, wataambiwa. Alitaka kumpeleka wapi mwanangu? Sitaki kufikiria. Mimi nilikuwa namfungia begi! Nimekaa chini nikalia kwa raha, Bernadina akinidai jogoo na yeye. Nitamchinjia wawili.

Jumapili, 13 Julai

Munira hali chakula vizuri. Kioo kakigeuzia ukutani. Jioni kaniuliza, mama, na kule kusema mimi mzuri, nako kulikuwa uongo? Nikamwambia hapana. Akaingia kulala.

Jumanne, 15 Julai

Naandika nikiwa kwenye benchi, studio ya Mzee Mhina, Korogwe mjini. Nimemleta apigwe picha ya kweli, kavaa gauni la Idi.

Alimwamkia mzee shikamoo vizuri tu. Alipowekwa kwenye kigoda akasema, babu, fungua kwanza nione filamu. Mzee akamweleza kwamba akifungua, itaungua. Munira akanitazama. Maneno yale yale ya Yordani. Nami nitamwambia nini? Kwamba huyu namwamini? Na yule nilimwamini!

Kwa hiyo kakunja mikono. Picha atapiga, amesema, ila kucheka atacheka siku akiiona imetoka.

Mzee Mhina anamwimbia, anamtolea ulimi, anamlilia kama mbuzi. Wapi. Kidole kiko kwenye kitufe, ananitazama mimi nimsaidie. Mimi nimetulia zangu, naandika. Mtoto kanuna, ila kajua kuuliza, na roho yangu imepoa kweli kweli.