Ndoo ya Maji Aliyomwagiwa Frida

Mpendwa Mshauri, naomba msaada kabla sijampoteza rafiki yangu, maana mimi na Frida tunauza dagaa meza moja hapa Katubuka tangu usichana, na mwaka juzi boti aliyopanda na mdogo wake Elikana kutoka Ilagala ilipinduka ziwani, yeye akaokolewa akielea na dumu tupu ila Elikana hakuonekana mpaka leo, na tangu hapo Frida amekuwa mtu wa kushtukashtuka, ukidondosha beseni anaruka, sisi wenzake wa sokoni tukasema atazoea, sasa Jumamosi ilikuwa siku yake ya kuzaliwa na unajua tunavyosherehekea, tukamvizia kwa nyuma na ndoo za maji, wa kwanza kumwagia nikawa mimi, mama yangu wee, akapiga ukelele akajitupa chini ya meza akiita "Elikana, shika dumu! Shika!" na sisi tunacheka tukidhani anaigiza, na sasa hatoki ndani, simu hapokei, mama mkwe wake anasema ni mapepo, wenzangu wanasema kanuna, mimi nikaona nikodi boti nimtembeze ziwani azoee maji, je, nimefikiri vizuri?

Shadia, Katubuka

JIBU

Shadia mwanangu, umefikiri, hongera; vizuri ndiyo bado. Mtu kaumwa na nyoka, wewe unamtafutia nyoka mwingine azoee? Boti hiyo ifute leo hii.

Si mapepo wala kununa. Janga kubwa huweza kubaki mwilini mwa mtu, na kishindo au maji ya ghafla yakamrudisha kule kule. Pale chini ya meza Frida hakuwa anakumbuka ajali, alikuwa ndani yake. Hamkujua, sawa, lakini mtu anayeruka kwa mlio wa beseni unamviziaje kwa ndoo? Shoga gani wewe!

Haya, futa machozi. Nenda kwake mchana, piga hodi ukiwa mbali asishtuke. Usithubutu kusema "tulikuwa tunatania." Sema, "Nimekuumiza, nisamehe," kisha nyamaza, kwa barua yako naona kipaji hicho Mungu alikunyima, lakini jitahidi. Usimchokonoe asimulie. Akimtaja Elikana, msikilize. Mwambie ugonjwa huu una tiba na hospitalini wapo wanaoutibu. Akikubali, msindikize mwenyewe, na mama mkwe mwombe kwa adabu aje pia asikie.

Akikufukuza, rudi kesho yake. Ana mwaka wa pili anazama peke yake, mchana kweupe, katikati yenu.