Simu ya Bwana Abbas Ilipoadhini

Kerege, Jumatano. Mvua tangu alfajiri, na moyo mzito kuliko mvua.

Kwako Shajara,

Kwa heshima, na baada ya salamu ambazo najua huna namna ya kuzijibu, naomba kuwasilisha mbele yako shauri linalohusu ushindi wangu wa Jumamosi. Madhumuni ni kueleza namna ushindi huo ulivyopatikana, na kwa nini tangu jana sina raha nao.

Kwa asiyenifahamu: kazi yangu ni kuwaandikia watu maombi. Nakaa katika kibanda cha kuchapa na kutoa nakala, hapa Kerege kando ya barabara, na wengi wanaonijia wana migogoro ya mipaka ya viwanja huko Mapinga. Shule niliishia kidato cha nne. Lugha ya ofisi nimejifunza mwenyewe, kama nilivyojifunza sataranji mwenyewe, kwenye simu. Naijua sentensi ya kumwombea mjane kiwanja chake. Ya kujiombea mimi imenishinda tangu asubuhi.

Jumamosi, katika ukumbi wa shule moja mjini Bagamoyo, nilimshinda Bwana Abbas kwenye sataranji.

Bwana Abbas ana duka la vifaa vya ujenzi pale mjini, duka aliloachiwa na baba yake, naye baba aliachiwa na babu aliyetoka Bara Hindi. Hakuna mchezaji wilayani mwenye alama nyingi kumzidi. Pambano letu lilikuwa la mwisho, na nafasi ilikuwa moja tu: kwenda kutuwakilisha katika mashindano ya taifa. Hata sare ingemtosha yeye, kwa wingi wa alama zake. Mimi ilinilazimu nishinde.

Mama yangu alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunitazama nikicheza. Alivaa khanga ya Idi, akakaa kiti cha mbele kabisa, akaniita kwa kidole.

"Mwanangu, wa kwako ni weupe au weusi?"

"Weupe, mama."

"Haya. Nijue wa kuwaombea."

Baada ya saa mbili za mchezo niliitoa ngome yangu bure. Nilimsogezea karibu na mfalme wake, kusudi aile. Kama angeila, mfalme wake asingekuwa na pa kukimbilia. Ukumbi ukanong'ona. Bwana Abbas akaweka viganja mashavuni, akainama juu ya ubao, akabaki hivyo.

Alibaki hivyo muda mrefu mno. Nilidhani amekwama. Kila mtu alidhani amekwama.

Ndipo simu iliyokuwa mfukoni mwake ikaadhini alasiri.

Alikuwa ameizima sauti. Tulimwona sote akiizima kabla ya kuanza. Lakini ile programu ya nyakati za sala ina mambo yake, haijali umeizimia sauti au hukuizimia. Aliitoa mfukoni, akaiweka mezani kando ya ubao. Hakuna aliyethubutu kuikata adhana katikati, si yeye, si mimi, si mwamuzi wetu, Mwalimu Pazi. Tukaisikiliza yote, tumeinamisha vichwa, na saa ya mchezo inakwenda.

Ilipokwisha, Mwalimu Pazi alikohoa. Kanuni inasema simu ikilia, mwenye simu amepoteza mchezo.

"Bwana Abbas, kanuni ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo," akajibu, akanipa mkono, akatoka kwenda kuswali.

Tangu hapo sijapumzika. Jumapili mama aligawa bure vitumbua vyake vya kuuza kwa kila aliyepita mbele ya jiko lake, na yeye si mtu wa kugawa. Kwa kila mmoja alirudia maneno yale yale, kwamba hata bila ile simu mzee alikuwa ameshakwama, ukumbi mzima umeona. Shomari, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya kibanda changu, ana maoni yake.

"Bingwa, mechi ijayo unacheza na nani? Magharibi au Isha?"

Wote wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ndani yangu nilikuwa na ile ngome. Nilijua nilikuwa nashinda.

Nilijua.

Jana nilikwenda dukani kwake. Nia yangu, nakiri, haikuwa safi. Nilitaka akiri kwa kinywa chake kwamba alikwama, ili nirudi na maneno hayo kwa Shomari.

"Shikamoo, Bwana Abbas."

"Marahaba, bingwa. Umekuja kununua misumari?"

Nilimwambia nimekuja kuuona mwisho wa mchezo wetu. Alinitazama kidogo, akainama, akatoa ubao chini ya kaunta. Akapanga kete zote kama zilivyokuwa Jumamosi, bila kuuliza hata moja. Nikaisogeza ngome yangu kwa mara ya pili.

Akaingia mteja akitaka nusu kilo ya misumari ya bati. Bwana Abbas akapima, akafunga katika gazeti, akapokea hela, akarudisha chenji. Kisha, bado amesimama, akamrudisha farasi wake nyuma.

Hiyo tu. Farasi alirudi alikotoka, akamkinga mfalme, na papo hapo akawa anamtaka malkia wangu. Ngome niliyoitoa ikawa imekwenda bure. Nilitafuta jibu hadi mteja mwingine akaja na kuondoka. Hapakuwa na jibu.

"Vijana hawamtazamii farasi kurudi nyuma," alisema, bila kejeli.

"Uliliona hili lini?"

"Ulipoiachia ngome tu."

Nikamuuliza, kama aliliona, kwa nini hakucheza. Akaanza kupanga bawaba ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Yule mama wa khanga, pale mbele, ni mama yako?"

"Ndiyo."

"Kila ukigusa kete anafumba macho. Nikasema, huyu nikimfunga hapa, mbele ya yule, si vizuri. Sare inanitosha, na kijana atatoka na uso wake. Basi nikawa naitafuta hiyo sare. Haikuwepo. Nikaendelea kuitafuta." Akacheka kidogo. "Muda wa sala ukanikuta huko huko."

Nilimwambia nitairudisha nafasi.

"Usiniletee nafasi hapa kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani. Kanuni ni kanuni. Nenda."

Nilipogeuka kuaga ndipo nilipoutazama ukuta nyuma yake. Vitambulisho vyake vya mashindano ya taifa vimetundikwa pale kwa kamba zake, kila kimoja na msumari wake. Mwishoni mwa mstari upo msumari mpya, bado unang'aa, hauna kitu. Aliona nimeuona. Akasogea akasimama mbele yake, kana kwamba anatafuta kitu kwenye rafu.

Hakuna anayeyajua haya ila yeye na mimi, naye hatasema. Nikinyamaza, nitakwenda, na Kerege nzima itanisindikiza. Nikisema, mama atawarudia wale wote aliowapa vitumbua akiwa na habari gani?

Hilo ndilo shauri. Nimeliandika kwa utaratibu, kama ninavyowaandikia wengine, nikitumaini kwamba nikifika mwisho uamuzi utakuwa umejitokeza wenyewe. Haukujitokeza.

Na sasa naona nimelipeleka pasipohusika. Uniwie radhi, Shajara. Bwana Abbas hakunihurumia mimi. Alimwonea haya mama yangu, mtu asiyemjua hata jina, na haya hiyo ndiyo iliyomgharimu nafasi yake. Mimi sina haki ya kukiamulia kitu nilichokipata kwa ajili ya mtu mwingine.

Simu ya mama ni ya kubonyeza, nikimtumia kurasa hizi ninazoandika kwenye simu yangu haitazifungua. Kwa hiyo mvua ikipungua nitavuka uwanja hadi jikoni kwake, nimsomee yote haya kwa sauti, tangu salamu, bila kuruka lile la farasi wala lile la khanga.

Mama, Mwalimu Pazi anataka jina la mwakilishi Ijumaa. Niende, au nimwachie Bwana Abbas?

Naomba uamuzi wako.