Nasambu, Hawakusoma Safu ya Mwisho

Nasambu,

Kwanza tulia. Daftari lako halijachomwa. Liko hapa mbele yangu, juu ya mashine ya kutoa kopi, jalada limevimba na kurasa za nyuma zinanuka mafuta ya taa. Nimelianika kwenye dirisha la duka wiki nne na harufu haitoki. Wateja wananiuliza kama siku hizi nauza mafuta. Nawaambia ndiyo, leteni chupa.

Pili, nina hasira. Nina hasira na watu wenu wa Malava, nina hasira na ugonjwa ule, na wewe pia nina hasira nawe, nitakuambia kwa nini huko mbele. Usidhani kwa sababu umekufa nitakuandikia maneno laini. Hatukuzoeana hivyo.

Tulizoeana kwa kugombania dawati. Kidato cha kwanza wewe ulitaka upande wa dirisha, nami pia nilitaka upande wa dirisha, nikakusukuma. Wiki iliyofuata hukuwepo darasani, wala ile nyingine. Uliporudi macho yako yalikuwa ya manjano. Ukaniambia bila aibu yoyote kwamba damu yako ina chembe zilizopinda kama mundu, na zikikwama unatamani kuivua mifupa yote uiweke kando upumzike. Selimundu, ukasema, ukaniandikia jina hilo kwenye kiganja kwa kalamu ili nisilisahau. Nikakuachia dirisha.

Daftari lilianzia wodini tukiwa kidato cha tatu. Nilikukuta umekaa kitandani na daftari la hesabu magotini, mkono mmoja una sindano, mwingine unaandika. Ukasema, "Ayuma, mimi nimechoka na dawa za watu. Wacha nijitengenezee zangu." Ukanisomea ukurasa wa kwanza. Msichana anayeitwa Khasandi anapelekwa shule ya wachawi, na shule yenyewe imefichwa ndani ya kisiagi cha mahindi, kwa sababu mashine ikisaga hakuna anayeweza kuwasikia wanafunzi wakikariri maneno yao. Wanatoka darasani weupe kwa unga. Hawana fimbo za uchawi. Wana miko ya kusongea obusuma, ugali wa kwetu, na kila mmoja lazima aje na mwiko wa kwao uliotumika miaka mingi, maana mwiko mpya haujui kitu. Nilicheka hadi muuguzi akanifukuza.

Maneno ya uchawi uliyaokota hapa hapa kwetu. Nilitaka utunge maneno mageni yanayotisha. Ukakataa, ukasema maneno mageni hayana nguvu kwa sababu hakuna mtu amewahi kuyaita akiwa na shida. Kwa hivyo Khasandi akiinua mwiko na kusema Butere, kitu kinasimama papo hapo: gunia linaloanguka, mbwa anayekuja mbio, kikohozi. Reli ikifika Butere haiendi tena, ukanieleza, kama mwalimu. Akisema Obusuma, wenye njaa wanashiba, lakini kwa saa moja tu. Nikalalamika kwamba huo ni uchawi wa ubahili. Ukasema ukiwashibisha siku nzima wataacha kulima. Akisema Ingokho, aliyenuna anasahau alichonunia, kwa sababu ni nani umemwona akichinjiwa kuku na akaendelea kununa?

Halafu kulikuwa na ile sheria. Sheria yako moja, uliyoipigia mstari mara mbili. Neno halifanyi kazi mpaka anayefanyiwa aulizwe, na akubali. Ulisema hapo ndipo wachawi wa kisiagi wanapotofautiana na wale wanaosemwa vijijini. Wale hufanya kwa siri, hawa huomba ruhusa. Ukachora safu nne kwenye kila ukurasa: Neno. Linafanya nini. La nani. Ameulizwa? Na kwa kuwa ulipenda kujaribu mambo kabla ya kuyaweka kwenye hadithi, ukawa unazunguka boma lenu na mwiko mkononi, unawauliza watu wa kwenu mmoja mmoja na kuandika majina yao halisi. Miaka yote hii, mpaka tukawa watu wazima, mimi na duka langu hapa mjini, wewe na vibarua vyako vya kufundisha vilivyokatizwa na hospitali, daftari lilikuwa linajaa. Nilikuonya kwamba siku moja utajiletea maneno. "Wacha yaje," ukasema. "Nitayaandika pia."

Yalikuja, Nasambu. Hukuwepo.

Nianze na ile Alhamisi. Ulikuwa umelala chali wodini, midomo imekauka, ukanishika mkono ukasema, "Ayuma, kuna kitu nimekuwanga nataka kukuuliza." Nami nilikuwa nimefunga duka nusu saa tu, watu wananingoja nje na karatasi zao. Nikakuambia, "Uniulize kesho." Nikakufunika miguu, nikaondoka. Kesho yake asubuhi kaka yako Wafula akanipigia simu. Sikulia. Nilimwambia, "Lakini nilisema kesho." Nilimwambia hivyo mara mbili, kama mjinga, na yeye ndiye alikuwa amefiwa na dada.

Maziko sitakueleza, ulikuwepo. Siku ya tatu baada yake ndiyo ya kunyoa. Watu wenu walinyolewa, wakaketi, wakaanza kugawana vitu vyako kama ilivyo desturi. Nilipewa ile sweta ya kijani, ninayo hapa mabegani. Ndipo Senje Rispa, dada ya baba yako, alipoinua godoro lako akatoka na daftari. Akalifungua katikati ya watu na la kwanza aliloona ni jina lake mwenyewe. Akafungua tena akaona la Kuka, babu yako. Akafungua tena. Kila ukurasa jina la mtu wa boma, na kando yake neno.

Kisha baba yako mkubwa, Mzee Wabwile, akasimama. "Someni vizuri. Huyu mtoto ameandika Kuka, akaandika Butere. Si mzee alifika mwisho wiki mbili tu baadaye?" Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Ndiyo maana damu yake ilikuwanga mbaya. Ilikuwa inamrudi." Na watu wakatikisa vichwa, Nasambu, watu uliowaandikia barua za kuomba kazi, watu uliofundisha watoto wao, wakatikisa vichwa kana kwamba sasa kila kitu kimeeleweka.

Mzee akaamuru mambo mawili. Daftari lichomwe hapo hapo. La pili ndilo lililonikata. Emily, mke wa Wafula, alikuwa mjamzito wa miezi minane, na ilikuwa imeshakubaliwa kwamba akizaa msichana atapewa jina lako, kama nyinyi mnavyowarudisha watu wenu. Mzee akasema, "Jina la mchawi halipewi mtoto. Likae huko kaburini na mwenyewe."

Daftari ningeweza kuliandika upya kwa kichwa, nimelisikia mara ngapi. Lakini jina? Wewe ambaye hukukimbia hata siku moja kwenye michezo, uliyekaa kando ukishika masweta yetu, si uliniambia kwamba usipopata mtoto utafurahi tu wakikupa mpwa alichukue jina lako akimbie nalo? Hicho tu ndicho ulichokuwa unakitaka duniani baada yako. Na walikuwa wanakunyima kwa sababu ya safu tatu, ya nne hawajaigusa.

Senje alikuwa ameshamwaga mafuta ya taa. Nilimpokonya. Mimi, mgeni, kwenye boma la wenyewe, nikampokonya mtu mzima daftari mkononi, na kiberiti nikakitupa migombani. Kisha nikaingia jikoni nikachomoa mwiko kwenye sufuria, obusuma bado imeugandia, nikarudi nao mbele ya wazee. Sijui kwa nini. Labda nilitaka kushika kitu. Wanawake wakapiga kelele kwamba Ayuma naye amepagawa. Nikawaambia ndiyo, nimepagawa, sasa kaeni chini mnisikilize, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyesoma mpaka mwisho wa mstari.

Nikaanza na yeye. "Ingokho. Humfanya mtu asahau alichonunia. La nani: Senje Rispa. Ameulizwa? Ndiyo. Amecheka. Amesema nimletee na kuku mwenyewe."

Ungeuona uso wake. Alibaki na kopo la mafuta mkononi, mdomo wazi. "Kweri nirisema," akasema polepole. "Nirisema hivyo. Na hakuleta kuku." Akaketi chini kwenye majani na kichwa chake kilichonyolewa, akalia kama hakulia kaburini.

Nikasoma la Kuka. Butere, husimamisha kikohozi. Ameulizwa? Na hapo hukuandika wewe, aliandika yeye. Ile sahihi yake yenye mkia mrefu, aliyoitia kwenye stakabadhi za miwa maisha yake yote, hakuna asiyeijua pale. Nikaizungusha kila mtu aione. Chini yake wewe umeandika: "Ndiyo. Amesema ikifaulu nimfanyie na magoti." Wafula akacheka, akashindwa kuacha, mpaka kile kicheko kikageuka. Nikasoma mengine, jina kwa jina, mwiko juu, na kila aliyeitwa akawa anasema ndiyo, aliniuliza. Ndiyo, alikuja. Ndiyo, nilikuwa nakamua ng'ombe. Nikawauliza, mchawi gani huyo anaomba ruhusa? Nionyesheni mmoja tu.

Mzee Wabwile akainuka. Alisema niombewe, akaenda zake nyumbani. Usitegemee miujiza kutoka kwa yule.

Mtoto amezaliwa Jumapili iliyopita. Ni msichana. Mzee anamwita kwa jina la bibi yenu na amesema hatabadilisha. Basi na aite. Emily alinipigia simu, akaiweka karibu na mtoto, akasema, "Nasambu anakusalimu," na nikasikia kelele ya mtu mwenye mapafu mazima. Senje Rispa amekwenda kumwona akiwa na kuku kwapani. Alisema wewe ndiye ulipaswa kumleta, lakini si neno. Damu ya mtoto itapimwa. Wafula ameapa itapimwa mapema, na mimi nimemwambia asipompeleka nitampeleka mwenyewe.

Sasa naandika hadithi yako kwenye kompyuta, kila alasiri wateja wakipungua. Kiongozi wa maombi kanisani kwetu alikuja kunionya kwamba Mkristo hapigi chapa mambo ya uchawi. Nikamkumbusha kwamba Mkristo huyu ndiye aliyepiga chapa tangazo lake la mkesha na kumrekebishia makosa saba. Aliondoka bila kuaga. Uchawi, uchawi, uchawi. Nimeliandika mara tatu na umeme haujapotea. Ulikuwa unacheza na neno ambalo limewatesa watu kwetu, limechomea vikongwe nyumba, ukaliosha, ukalifundisha kubisha hodi. Huo si ushetani. Nitabishana na yeyote, saa yoyote, hata akileta maji ya baraka.

Nilikuahidi kukuambia kwa nini nina hasira nawe.

Kurasa mbili za mwisho zilikuwa zimegandana kwa mafuta. Jana nilizitenganisha kwa rula, taratibu. Kuna neno moja ambalo hukuwahi kunisomea. Lurambi. Linafanya nini: "Haliondoi maumivu. Hakuna neno linaloondoa maumivu, nimejaribu. Huyagawa tu na aliye karibu, kama Lurambi ilivyo karibu na mji." La nani: Ayuma. Ameulizwa? "Bado. Nitamuuliza."

Bado! Umeuliza boma zima. Umemuuliza hadi fundi wa baiskeli. Miaka kumi na zaidi nimekaa kando ya vitanda vyako, nikikuona ukiuma shuka, na mimi ndiye peke yangu hukuniuliza. Uliogopa ningesema hapana? Au uliogopa ningesema ndiyo? Na ulipopata ujasiri, ile Alhamisi, mimi nikakuambia kesho. Kwa hiyo hasira hii tugawane, nusu yako, nusu yangu.

Sasa sikiliza ahadi yangu. Khasandi atamaliza shule. Nitaichapa hadithi yote, sitaondoa neno hata moja, na kopi ya kwanza nitaileta Malava. Nitaisoma kaburini kwako mchana kweupe, mwiko mkononi, kwa sauti itakayofika kwa Mzee Wabwile. Na yule mwenye jina lako akijua kusoma, nitampa daftari lenyewe na harufu yake, nimwambie aanze na safu ya mwisho.

Pumzika, rafiki yangu. Magoti hayaumi tena, macho yamekuwa meupe, kaa upande wa dirisha. Asubuhi ya leo, kabla sijafungua duka, nilifuta ile "Bado" yako ya penseli nikajaza mwenyewe kwa kalamu ya wino. Ameulizwa? Ndiyo. Nusu yangu ya maumivu imefika, Nasambu. Ninayo.

Ayuma